Mwalimu wa Kiswahili anayeomba Fulbright aanze na darasa lake

Kila msimu wa maombi ofisi yetu ya ushirikiano wa kimataifa, hapa chuoni, hujaa walimu vijana wenye bahasha za vyeti mkononi. Wengi hufika zikiwa zimebaki siku nne au tano dirisha lifungwe. Alama zao ni nzuri. Kinachowaangusha ni maelezo yasiyosema lolote na barua za wadhamini, yaani watu wanaompendekeza mwombaji, zilizoandikwa kwa haraka, na inaniuma, kwa sababu yote mawili yanarekebishika.

Ninazungumzia mpango mmoja: ule wa wasaidizi wa walimu wa lugha za kigeni, maarufu kwa kifupi chake, FLTA. Uko chini ya Fulbright, ufadhili wa serikali ya Marekani ulioanzishwa mwaka 1946 kwa juhudi za seneta wa Arkansas, J. William Fulbright. Anayechaguliwa hupangiwa chuo cha Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo, karibu miezi 9. Husaidia kufundisha lugha yake kwa muda usiozidi saa 20 kwa wiki, na yeye mwenyewe husoma angalau masomo mawili kila muhula, moja likihusu Marekani. Hapewi shahada. Anayetafuta shahada ya uzamili aombe mpango wa Fulbright wa wanafunzi wa kigeni, ambao ni njia nyingine kabisa. Nimeona watu wakichanganya mambo haya mawili hadi kwenye usaili.

Kwa kawaida wanaotakiwa ni walimu au wanaosomea ualimu, wenye shahada ya kwanza na Kiingereza kizuri, wa umri wa miaka 21 hadi 29. Tarehe na vigezo hubadilika, kwa hiyo soma tangazo la mwaka huu la ubalozi wa Marekani nchini mwako, usitegemee ujumbe uliosambazwa WhatsApp. Na kuomba ni bure. Anayekudai ada ya fomu anakuibia.

Sasa tuje kwenye maelezo binafsi. Mwalimu mmoja aliniletea rasimu iliyoanza hivi: “Kiswahili ni lugha tamu na ninapenda sana kukifundisha.” Sentensi hiyo angeweza kuiandika mwombaji yeyote. Nikamwuliza: ni lini ulimfundisha mtu jambo gumu akalielewa? Akafikiri, kisha akanisimulia kuhusu mgeni aliyekuja kujitolea shuleni kwao, ambaye kila akiambiwa kikao ni saa mbili asubuhi alishangaa, maana kwake saa mbili ni usiku wa manane umepita kidogo. Mwalimu akamwamsha alfajiri, wakasimama nje wakisubiri jua. Lilipochomoza akamwambia, “Hapa ndipo tunapoanza kuhesabu. Likishakaa angani saa moja, ni saa moja.” Tangu siku hiyo mgeni hakuchelewa tena.

Nikamwambia aifute rasimu yote, aanze na alfajiri ile. Ndani ya kisa kile kifupi msomaji anamwona mwalimu anayejua mwanafunzi amekwama wapi, na anayejua kwamba lugha imebeba namna ya kuishi. Msailiwa wa aina hiyo ndiye atakayeweza kumweleza kijana wa Wisconsin kwa nini tunasema “kitabu kizuri” lakini “mtoto mzuri”. Maelezo huandikwa kwa Kiingereza, sawa, ila kisimulie kisa chako kwa Kiswahili kwanza, kwa sauti, mbele ya mtu. Kikinoga mdomoni, kitatafsirika.

Kuhusu wadhamini, waombaji wengi hukimbilia profesa mwenye jina kubwa aliyewafundisha darasani wakiwa mia tatu. Barua yake hutoka na mistari sita, yote ya sifa za jumla. Mkuu wa shule aliyekaa nyuma ya darasa lako akakuona ukifundisha ana mengi zaidi ya kusema. Mwombe mapema, walau mwezi mmoja kabla, umpe wasifu wako na rasimu ya maelezo. Mdhamini mwenyewe ndiye anayeingiza barua mtandaoni, kwa hiyo hakikisha ana barua pepe anayoifungua na kwamba anapata intaneti ya uhakika.

Mambo mawili ya viza yafahamike nyumbani kabla hujaomba. Washiriki wa FLTA hawaruhusiwi kwenda na mwenza wala watoto. Pili, viza wanayopewa, ya J-1, yaani ya wageni wa programu za kubadilishana, ina sharti la kurudi kukaa nchini kwako miaka 2 kabla ya kuweza kuomba ukaazi wa kudumu wa Marekani. Mwenye mtoto mchanga alizungumze hili na familia yake sasa, kwa utulivu.

Mwisho, chukua cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na pasipoti, uvipange mezani. Soma majina herufi kwa herufi. Kama kimoja kinasema Mohamed na kingine Muhammad, anza kushughulikia kiapo cha majina wiki hii.