Uchumi wa Afya si Uhasibu wa Hospitali

Ukitaja kwamba unasomea uzamili wa uchumi wa afya, swali la kwanza huwa: "Kwa hiyo utakuwa mhasibu wa hospitali?" Hapana. Mhasibu hufuatilia fedha zilivyotumika. Mchumi wa afya huuliza kama fedha hizohizo zingefanya mema zaidi kwingine. Hilo ni kosa dogo. Yapo makubwa zaidi, na hapa kuna dhana nne potofu.

Dhana: Somo hili huuwekea uhai bei

Kipimo kinacholaumiwa ni QALY: mwaka mmoja wa maisha ukihesabiwa pamoja na hali ya afya ya anayeuishi. Afya kamili ni 1, kifo ni 0. Zipo hata hali zinazopewa alama chini ya sifuri, kwa sababu watu huziona mbaya kuliko kufa. Alama hizi mchumi hajitungii. Huulizwa watu wa kawaida: ungekubali kupoteza miaka mingapi ili uepuke hali hii? Akijibu mtu kwamba miaka 10 ya kuishi hivyo ni sawa na 7 ya afya kamili, hali hiyo imepata 0.7.

Sasa chukua dawa mbili. Ya zamani inagharimu paundi 1,000 kwa mgonjwa na kumpa QALY 4. Mpya inagharimu 9,000 na kumpa 4.5. Mwanafunzi mgeni hugawanya 9,000 kwa 4.5, akapata 2,000, akafurahi. Amekosea. Kinachogawanywa ni tofauti: paundi 8,000 za ziada kwa nusu QALY ya ziada, yaani 16,000 kwa QALY moja. Nchini Uingereza, taasisi ya NICE, inayoshauri ni matibabu gani yalipiwe na huduma ya afya ya taifa, ilianza mwaka 1999 na kwa miaka mingi ilitumia kiwango cha paundi 20,000 hadi 30,000 kwa QALY moja, kwa hiyo dawa kama hii ingekuwa na nafasi nzuri.

Kiwango hicho hakisemi mtu ana thamani gani. Bajeti ni moja, na kila paundi inayonunua dawa mpya imeondolewa kwa mgonjwa mwingine, ambaye hatutamwona wala hatasikika akilalamika. Hesabu hii ndiyo pekee inayomkumbuka.

Hii haimaanishi kwamba kipimo hiki hakina dosari. Watetezi wa watu wenye ulemavu husema kinapunguza uzito wa maisha yao, na hoja yao ina nguvu. Sheria ya afya ya Marekani ya 2010 iliweka mipaka ya kukitumia katika Medicare, bima ya serikali inayohudumia hasa wazee. Kozi nzuri hufundisha lawama hizi pamoja na kanuni zenyewe. Ukikuta kozi inayoziruka, jiulize mara mbili.

Dhana: Afya ni bidhaa kama nyingine, soko litajipanga lenyewe

Mwaka 1963 mchumi wa Marekani Kenneth Arrow aliandika makala inayosomwa hadi leo karibu katika kila darasa la fani hii. Hoja yake: mnunuzi wa matibabu hajui atayahitaji lini, na anayemshauri anunue nini mara nyingi ndiye anayeuza. Nusu ya mihula yako itakuwa inajadili matokeo ya jambo hilo moja, bima ikiwa mbele.

Dhana: Kinga huokoa fedha siku zote

Chanjo nyingi za watoto, kweli. Lakini uchunguzi wa mapema wa ugonjwa nadra hupima maelfu ili kuwapata wachache, na wanaotiliwa shaka bure huhitaji vipimo zaidi. Huenda bado ukafaa sana. Ila ukifaa, ni kwa afya inayopatikana, wala si kwamba umekuwa bure. Methali ya kinga na tiba haikuulizwa bei.

Dhana: Lazima uwe daktari, au bingwa wa hisabati

Darasani utakaa na wauguzi, wafamasia, wanatakwimu, wachumi. Daktari hutoka jasho kwenye regresheni, yaani hesabu za takwimu za kupima jambo moja linavyohusiana na jingine, mchumi kwenye majina ya magonjwa; wanasaidiana. Unachohitaji ni takwimu, uwezekano, kalkulasi ya msingi, na uvumilivu kuliko vyote hivyo.

Uvumilivu huo utaujua siku ya kujenga modeli yako ya kwanza ya Markov, yaani hesabu inayofuata kundi la watu wakihama kutoka hali moja ya afya hadi nyingine. Unafungua jedwali, unaweka watu 1,000 wazima, na kila mstari ni mwaka: wengine wanahamia safu ya wagonjwa, wengine safu ya waliokufa. Jumla ya kila mstari lazima ibaki 1,000. Saa nne za usiku unatazama mwaka wa kumi na mbili na jumla ni 1,003. Watu watatu wamefufuka, na inabidi urudi seli kwa seli kutafuta ni mlango gani uliwaachia wazi.