Ganzi ya upasuaji wa mfuko wa nyongo: meza dawa ya maumivu kabla ganzi haijaisha

Lipo lalamiko linalojirudia kwa waliotolewa mfuko wa nyongo kwa matundu madogo hapa Dar es Salaam: mchana hawakusikia maumivu, usiku wakaumia, basi wanasema ganzi ilikuwa feki. Hapana. Ganzi ilifanya kazi yake ikaisha, na vidonge havikumezwa kwa wakati.

Usingizi unapewa kama kawaida; ganzi ni nyongeza. Daktari huichoma pembeni mwa kila tundu, kuanzia kwenye ngozi hadi karibu na utando wa ndani wa tumbo. Tundu lililopitisha mfuko wenye mawe ndilo huuma zaidi, maana misuli yake hutanuliwa.

Kipimo hufuata uzito. Kwa bupivakaini, yaani dawa ya ganzi yenyewe, tusizidishe miligramu 2 kwa kila kilo ya mwili: mtu wa kilo 60 mwisho wake miligramu 120. Chupa ya asilimia 0.25 ina miligramu 2.5 katika kila mililita, hivyo mwisho ni mililita 48. Ya asilimia 0.5, mililita 24 tu. Ukikosea ukachoma mililita 48 za hii ya pili, umempa mtu dozi maradufu. Ndiyo maana muuguzi anakupandisha kwenye mizani tena asubuhi ya upasuaji. Usimtajie kilo za mwaka jana. Dawa ikizidi, au ikiingia kwenye mshipa wa damu, huleta degedege na huvuruga mapigo ya moyo. Kwa hiyo kabla ya kusukuma dawa, daktari huvuta bomba la sindano nyuma kidogo aone kama damu inaingia.

Tafadhali msituombe tuongeze dozi "ikae siku tatu". Hukaa kati ya saa 4 na 8 hivi. Wala haipoozeshi miguu. Haichomwi mgongoni, na hili tumelieleza mara nyingi.

Ukitoka chumba cha upasuaji saa 5 asubuhi, maumivu yanaweza kuanza saa 9 alasiri, basi meza dawa kabla ya hapo. Kwa mtu mzima wa zaidi ya kilo 50, parasetamoli ni gramu 1, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Muulize muuguzi kama uliwekewa ya mshipani na saa ngapi, ndipo uhesabu kutoka hapo. Dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli, usizichanganye. Mwenye vidonda vya tumbo au shida ya figo asiguse diklofenaki, dawa nyingine ya maumivu, bila kauli ya daktari.

Bega la kulia likiuma, ganzi ya vidonda haifiki huko. Ni hewa ya kaboni dayoksaidi tuliyojazia tumbo, imechokoza kiwambo cha chini ya mapafu. Mwili huinyonya na kuitoa kwa pumzi. Kwa kawaida maumivu huisha ndani ya siku chache. Tembea taratibu. Kuchua bega hakutoi hewa.

Kwenye fomu ya ridhaa, andika mzio wowote na ugonjwa wa moyo au ini. Fomu isiyo na sahihi yako inaahirisha upasuaji, hata kama umeshafunga tangu usiku.

Maumivu ya tumbo yakizidi badala ya kupungua, au ukipata homa, macho ya manjano au kutapika kusikokoma, huenda nyongo inavuja. Usiende kuchomwa sindano ya maumivu duka la dawa. Rudi hospitali usiku huohuo.