Pombe husomeka kwenye damu, bangi haisomeki hivyo

Sampuli za damu za madereva hunifikia maabarani zikiwa katika vichupa vinavyofanana, na karibu kila fomu inayoambatana nazo huuliza swali lilelile: je, dereva huyu alikuwa amelewa? Kama kilichomo ni pombe, jibu langu huwa na uzito. Kama ni bangi, ninaweza kusema kwamba ipo na ni kiasi gani, lakini kusema dereva alikuwa katika hali gani aliposhika usukani ni jambo jingine kabisa, na ningependa kulieleza kwa sababu hata mawakili na askari wenye uzoefu hulichanganya.

Pombe ni kitu chepesi kukifuatilia. Huyeyuka katika maji, husambaa popote penye maji mwilini ukiwemo ubongo, na kiasi kilichomo kwenye damu hulingana kwa karibu na kiasi kinachotoka kwenye pumzi; ndiyo maana Robert Borkenstein wa Indiana, Marekani, aliweza kutengeneza kipima ulevi cha kupuliza mwaka 1954. Ini nalo huiondoa kwa mwendo ambao haubadiliki sana, takriban miligramu 15 katika kila mililita 100 za damu kwa saa, kwa hiyo hata damu ikitolewa saa mbili baada ya ajali tunaweza kurudi nyuma kwa hesabu na kukadiria kilichokuwamo wakati wa ajali. Borkenstein huyohuyo aliongoza utafiti wa Grand Rapids, uliochapishwa mwaka 1964, ambao uliwalinganisha madereva waliopata ajali na madereva waliopita salama katika maeneo yaleyale, ukaonyesha kwamba hatari hupanda kadiri pombe inavyoongezeka. Uingereza ilipoweka kikomo cha miligramu 80 katika sheria yake ya mwaka 1967, namba hiyo ilikuwa na msingi.

THC, kemikali ya bangi inayolevya, haifuati njia hiyo. Inapenda mafuta kuliko maji. Mtu anapovuta, kiwango chake kwenye damu hupanda ndani ya dakika chache na kushuka kwa kasi, wakati ubongo bado umelewa na utaendelea kulewa kwa saa kadhaa. Kwa mvutaji wa kila siku hutokea kinyume chake: THC iliyojihifadhi katika mafuta ya mwili huvuja polepole, na inaweza kuonekana kwenye damu siku nyingi baada ya msokoto wa mwisho, akiwa mtu mwenye akili timamu. Basi dereva wa kwanza, ambaye ni hatari, anaweza kuwa na namba ndogo kuliko wa pili. Mkojo hupotosha zaidi, kwa kuwa kinachopimwa humo ni mabaki yasiyolevya, na ninasikitika kila ninapoona majibu ya mkojo yakitumiwa kana kwamba ni ushahidi wa ulevi.

Sheria ya England na Wales iliyoanza kutumika tarehe 2 Machi 2015 ilikiri tatizo hili kwa namna yake. Kwa dawa haramu iliweka vikomo vya chini sana, kwa mfano mikrogramu 2 za THC kwa lita moja ya damu, ambavyo havipimi ulevi bali vinatangaza kwamba hazivumiliwi barabarani. Kwa dawa za hospitali kama diazepamu vikomo vilipangwa kwa kuangalia hatari, na mgonjwa aliyefuata maelekezo ya daktari ana utetezi, ingawa bado anaweza kushtakiwa ikithibitika kwamba hakuwa katika hali ya kuendesha. Ninaona mpangilio huo ni wa haki kiasi, ila mvutaji aliyepumzika siku mbili ana sababu ya kulalamika.

Mirungi nayo ina hadithi yake, kwa kuwa dereva wa masafa marefu haitafuni ili alewe, huitafuna ili asisinzie. Kathinoni iliyomo kwenye majani mabichi huficha uchovu bila kuuondoa, na nguvu yake inapokwisha usingizi huja kwa ghafla, pengine alfajiri, lori likiwa kwenye mteremko. Kichupa kitakachonifikia kinaweza kuwa na mabaki kidogo tu, na kwa hesabu peke yake ningemwona ni dereva aliye macho. Mwingine atakuwa amekunywa bia mbili na kuongeza msokoto mmoja, kila kimoja kikiwa kidogo, lakini vikikutana humyumbisha njiani kuliko ambavyo kimojawapo kingefanya peke yake.

Kwa hiyo, kwa kesi zisizo za pombe, karatasi ninayoitafuta kwanza si ya maabara. Ninatafuta maelezo ya askari aliyekuwa pale: gari lilikuwa likitoka kwenye mstari au la, dereva alisimamaje na kutembeaje, mboni zake zilikuwa zimepanuka au zimebana, alijibu maswali baada ya muda gani, na damu ilitolewa saa ngapi hasa. Fomu nyingi hunifikia sehemu hiyo ikiwa tupu.