Mbu wa malaria hapendi mtaro unaonuka

Mvua zikianza Mwanza, lawama zote huenda kwenye mitaro inayomwaga uchafu Mto Mirongo: "Malaria inatoka pale." Mbu wapo kweli, tena wengi. Ila wanaojaa kwenye maji machafu na mashimo ya vyoo ni kuleksi hasa, wale wanaokuimbia sikioni usiku kucha. Hao hawaenezi malaria, ingawa wanaweza kueneza matende na mabusha, kwa hiyo mtaro uzibuliwe tu.

Anofelesi, mwenye malaria yake, huchagua zaidi maji safi yaliyotuama, mengi yakiwa yanapigwa na jua. Na jiji letu la mawe limemwandalia: kila jiwe lina kibonde kinachobaki na maji baada ya mvua. Ongeza mashimo ya kufyatulia tofali, kwato za ng'ombe kwenye tope, na mtumbwi mbovu uliotelekezwa ufukweni. Inama utazame. Viluwiluwi vya anofelesi hulala sambamba na uso wa maji. Vya kuleksi huning'inia kichwa chini. Yai hadi mbu anayeruka ni kama wiki moja hadi mbili, basi ukimwaga maji hayo kila wiki umewawahi.

Kufyeka majani? Uwanja unapendeza, nyoka wanaonekana, lakini mbu hatagi kwenye majani makavu. Jirani yangu alifyeka hadi mzizi, akaacha kanyagio za ng'ombe zimejaa maji mlangoni. Chandarua chenye dawa bado kinahitajika, maana anofelesi huuma zaidi usiku.