Je, wajua kwa nini ngozi huridhika na nusu bidoni ya maji?

Katika parseli (viwanja vya nyumba) nyingi za Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, hesabu ya kuoga huanzia kwenye bidoni. Bidoni ya manjano ya lita 20, iliyopandishwa kutoka ufuoni mwa ziwa Kivu kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, au kwa mgongo wa mtu, haigawiwi ovyo: sehemu yake ni ya sufuria, sehemu ni ya vyombo, na kinachobaki, mara nyingi nusu au chini ya hapo, ndicho cha kuogea. Mtu huingia nyuma ya ua akiwa na beseni na kikombe, huchuchumaa juu ya mawe meusi ya volkano, na kwa utaratibu ambao hakuna aliyemwandikia huanza na uso, hushuka kwapani, kisha sehemu za siri, na miguu hupata maji yaliyokwisha kupita juu. Mgongo, ikiwa kipande cha sabuni kimekwisha, husubiri kesho.

Ni ajabu kwamba mji uliokaa ukingoni mwa ziwa kubwa namna hii uhesabu maji kwa vikombe, lakini lava ambayo mji umejengwa juu yake ina matundu, na mvua inayonyesha huzama humo badala ya kutiririka kuwa vijito. Tena mlima wa volkano wa Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, uliharibu hifadhi kubwa ya maji pamoja na mabomba yake, na karibu watu nusu milioni wakabaki bila maji safi.

Kwingineko, katika nchi tajiri, bomba la kuogea la kawaida hutoa lita 8 hadi 10 kwa dakika, kwa hiyo anayesimama chini yake dakika kumi ametumia bidoni nne au tano. Katika nchi hizo hizo wamejitokeza watu walioacha kwa hiari kuoga kila siku, wakaacha na shampuu, sabuni za maji na dawa za kwapa. Mmoja wao ni James Hamblin, daktari na mwandishi wa Marekani, ambaye mwaka 2020 alieleza kwa kirefu jinsi alivyokaa miaka kadhaa bila kuoga kwa namna ya kawaida, akijimwagia maji pale tu alipohitaji, huku akiendelea kunawa mikono kwa sabuni. Wengi waliosoma habari hiyo walijiuliza swali moja: mwili wa mtu huyo ulikuwaje hata asikimbiwe na wenzake?

Jibu linaanzia kwenye jasho. Mwili wa binadamu una tezi za jasho za aina mbili. Za kwanza ni milioni mbili hadi nne, zimetawanyika karibu ngozi nzima, na kazi yake ni kuupoza mwili. Jasho lake ni maji na chumvi, na halina harufu ya kutajika. Za pili zimejikusanya kwapani, kinenani na kuzunguka chuchu, na hutoa majimaji mazito yenye mafuta na protini. Hayo nayo, yanapotoka, hayanuki. Kikwapa ni kazi ya bakteria wanaoishi hapo, ambao huyala majimaji hayo na kuacha misombo ya salfa, ile ile salfa inayokipa kitunguu harufu yake kali. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha York nchini Uingereza walikieleza kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo, ambacho hubebwa na bakteria wachache tu, mmojawapo akiitwa Staphylococcus hominis.

Tezi hizi za pili hulala mpaka mtu abalehe. Ndiyo maana mtoto wa miaka saba aliyeshinda akicheza mpira juu ya changarawe ya lava hurudi jioni akinuka vumbi tu, wakati kaka yake wa miaka kumi na mitano, aliyekaa darasani siku nzima, anaambiwa na mama yake mlangoni: “Mwanangu, pitia kwanza uani.” Na si watu wote duniani wanaonuka sawa. Badiliko la herufi moja katika jeni iitwayo ABCC11 huifanya nta ya masikio kuwa kavu, na wenye nta kavu, ambao ni wengi mno katika Korea na China, karibu hawana kikwapa. Sisi Waafrika karibu sote tuna nta ya majimaji, kwa hiyo msamaha huo hautuhusu.

Kama harufu inatoka katika sehemu mbili tatu, basi mikono (si viganja), kifua, tumbo na mapaja havina haja kubwa ya sabuni kila siku, isipokuwa vimechafuka kwa tope, masizi au simenti. Nongo inayotoka tunapojisugua ni chembe za ngozi zilizokufa, zikiwa zimechanganyika na mafuta na vumbi, nazo hudondoka zenyewe hata tusipozigusa, kwa sababu tabaka la juu la ngozi hujibadilisha lote katika muda wa takriban mwezi mmoja. Tabaka hilo ni jembamba kuliko karatasi, lakini limepangwa kama ukuta: chembe kavu ni matofali, na mafuta yaliyo kati yake ni udongo wa kushikizia. Sabuni haina macho ya kutofautisha mafuta yaliyobeba uchafu na yale yanayoshikilia ukuta, hivyo huondoa yote.

Kuna na suala la ukali. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, pH ya karibu 5 (kipimo ambacho hushuka uchachu unapozidi), na uchachu huo huwazuia vijidudu wengi wabaya. Sabuni ya kipande, kwa kuwa hutengenezwa kwa mafuta na magadi makali, ina pH ya 9 hadi 10, na ngozi iliyopakwa sabuni huhitaji saa kadhaa kurudi katika hali yake. Kwetu jambo hili lina nyongeza, maana maji ya Kivu yenyewe yana pH ya karibu 9 na yana magnesi nyingi iliyotoka katika miamba ya volkano. Magnesi hushikana na sabuni na kuunda utando usioyeyuka. Anayeogea maji ya ziwa anaujua utando huo hata kama hajui jina lake: povu huja kwa shida, mzunguko wa kijivu hubaki katika beseni, na baada ya kujikausha ngozi hukaza usoni na kupauka kwenye miguu na viwiko. Hapo ndipo tunapotoa kikopo cha mafuta ya kujipaka, tukayarudisha kwa pesa yale tuliyoyaondoa kwa pesa. Sisemi mafuta ni mabaya. Kupauka kunakera, na mtoto wa shule aliyepauka huchekwa. Ila biashara hiyo ina ujanja wake, na tunailipa mara mbili.

Nani alitufundisha kwamba mwili mzima unahitaji povu kila siku? Kuoga ni desturi ya kale, lakini sabuni ya dukani ina historia inayopita katikati ya nchi yetu. Mwaka 1911 William Lever, tajiri wa sabuni ya Sunlight huko Uingereza, alipewa na serikali ya Ubelgiji haki juu ya maeneo makubwa ya michikichi katika Kongo, akaanzisha kampuni ya Huileries du Congo Belge na kituo cha Leverville, ambacho leo kinaitwa Lusanga. Mafuta ya mawese yaliyokamuliwa kwa jasho la watu waliolazimishwa kukwea michikichi na kukata mikungu yalisafirishwa kwenda viwanda vya sabuni. Aibu ya kikwapa nayo ilikuwa na watangazaji wake: mwaka 1919 kampuni ya Odorono ya Marekani, iliyouza dawa ya kwapa, ilichapisha katika jarida la wanawake tangazo lililowaonya wanawake kwamba huenda wananuka bila kujua, na ingawa baadhi ya wasomaji walikasirika wakalisusa jarida hilo, mauzo ya dawa hiyo yalipanda. Karibu miaka mia moja baadaye, mwezi Septemba 2016, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipiga marufuku viambato 19 vya kuua bakteria katika sabuni za kunawia, triklosani ikiwemo, kwa kuwa watengenezaji walishindwa kuonyesha kwamba vinashinda maji na sabuni ya kawaida.

Anayeacha dawa ya kwapa ghafla asishangae kunuka zaidi siku za mwanzo. Utafiti mdogo wa Marekani uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha watu 17, ulionyesha kwamba dawa za kuzuia jasho hupunguza sana bakteria wa kwapani, na watumiaji wanapoziacha bakteria hurudi haraka, lakini kwa mchanganyiko tofauti na ule wa watu ambao hawajawahi kuzitumia. Nguo pia zina lawama yake. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walichukua fulana za watu waliofanya mazoezi wakakuta kwamba za poliesta zinanuka vibaya kuliko za pamba, kwa sababu baadhi ya bakteria wa harufu hustawi zaidi katika nyuzi hizo. Mwenye nusu bidoni na jezi ya poliesta atafaidika zaidi akiifua jezi kuliko akijisugua mgongo.

Juu ya mikono, hata hivyo, sikubali mjadala wowote, na mkazi wa Goma hahitaji kuelezwa sana. Mwezi Julai 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi walipovuka kutoka Rwanda na kuchota ziwani maji yasiyotibiwa, kipindupindu na kuhara damu viliua makumi ya maelfu ya watu katika majuma machache. Julai 2019 Ebola ilifika mjini, na ndoo zenye koki na maji ya klorini zikasimama kwenye milango ya ofisi na maduka. Kunawa mikono kwa sabuni hupunguza magonjwa ya kuhara kwa takriban theluthi moja, na sabuni ya bei ndogo kabisa inatosha. Kikombe cha mwisho cha bidoni kikigombaniwa kati ya kifua na mikono ya anayepika, kiende kwenye mikono.

Kwa upande mwingine, kuna ugonjwa ambao watu huuona kuwa uchafu bila haki. Upele unaowasha usiku, ambao umezoeleka katika kambi za waliokimbia vita, husababishwa na utitiri anayechimba ndani ya ngozi, na hata mtu akioga mara tatu kwa siku hamwondoi. Dawa ndiyo humwondoa, ikipakwa na watu wote wa nyumba kwa wakati mmoja. Na mtoto mchanga, ambaye mabibi wengi hutaka aogeshwe mara tu anapozaliwa, Shirika la Afya Duniani linashauri aachwe angalau saa 24, ili asipoteze joto.

Inabaki miguu, iliyopewa maji ya mwisho. Nyayo hazina tezi za mafuta hata moja, ila zina tezi nyingi sana za jasho, na ndani ya kiatu cha plastiki bakteria hugeuza jasho na ngozi laini kuwa asidi ile ile inayopatikana katika jibini iliyokaa. Kwa hiyo maji hayo ya mwisho yanastahili sabuni kidogo, na baada yake kitambaa kikavu kati ya vidole, mahali ambapo fangasi hupenda kuanzia. Visigino, kwa kuwa havijipaki mafuta vyenyewe, hupasuka, navyo ndivyo vyenye haki ya kwanza juu ya kile kikopo cha mafuta. Jiwe la kuvisugulia halinunuliwi, kwani uani mwa kila parseli kuna lava yenye matundu.