Kiingilio si ada: daftari za chama kimoja cha Busia

Mwaka 2021 wauza nafaka wa hapa Busia, upande wa Uganda, waliniita nikague vitabu vya chama chao. Fununu zilikuwa zimeenea sokoni kwamba mweka hazina amekula pesa. Nilizipanga daftari zote mezani tangu 2009, nikazipitia mwaka baada ya mwaka na stakabadhi zake. Mama yule hakuchukua hata senti, na niliumia kuona alivyosemwa.

Tatizo lilikuwa ada. Mwaka 2009 kila mwanachama alilipa shilingi 5,000 kwa mwezi, na kodi ya stoo ilikuwa 80,000, kwa hiyo ada za watu 16 zilitosha kuilipa. Kisha ukaja 2011, bei zikapanda nchi nzima hadi mfumuko ukazidi asilimia 30 mwezi Oktoba. Mwenye stoo akapandisha kodi, na akaendelea kupandisha. Ada haikuguswa. Kufikia 2019 kodi ilikuwa 250,000, yaani ada za watu 50, na chama kilikuwa na watu 43.

Kwa nini basi hakikuanguka? Kiingilio. Kila mwanachama mpya alitoa 100,000, mara moja tu, na wapya walikuja kila mwaka kujaza nafasi za waliotoka. Pesa ile ilipaswa kununua mizani na turubai. Ikawa inalipa kodi, na wauza nafaka wanajua maana ya kula mbegu.

Machi 2020 mpaka ukafungwa, yakapita malori ya mizigo tu. Hakuna mpya aliyejiunga. Kodi ikalipwa kwa pesa za rambirambi, kwa kuwa zote zilikaa kwenye akaunti moja, na wanachama wawili walifiwa chama kisiwe na cha kuwapa. Fununu zilianzia hapo, matangani.

Tulifungua akaunti ya pili, ya rambirambi peke yake. Ada sasa hupangwa kila Januari: kodi na mshahara wa mlinzi, gawanya kwa wanaolipa kweli, si kwa majina yaliyo kwenye orodha. Mara ya kwanza ilikuwa 380,000 kwa watu 38, shilingi 10,000 kila mmoja. Wengine waligutuka, nami nikawasomea kodi za miaka yote kwa sauti mpaka wakakubali.

Wakamwomba yule mama arudi kwenye kiti chake. Alikataa, na sikumlaumu.