Kliniki ya masikio na kizunguzungu wakati wa mlipuko: maswali kutoka Mtwara

Tarehe 16 Machi 2020 Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa UVIKO-19. Mei 2023 Shirika la Afya Duniani likaondoa hali ya dharura, na ndoo nyingi za kunawia mikono zikarudi stoo au zikageuzwa za kuchotea maji. Maswali ya namna ya kuhudumia masikio wakati wa mlipuko kama ule hayakwisha. Haya yanatoka kwa wahudumu wa vituo vidogo na kwa wagonjwa wanaoteremka kutoka Newala na Tandahimba kuja kupimwa masikio mjini.

Sikio lina hatari gani? Ugonjwa si wa kifua?

Hatari ni ukaribu. Ukimtazama mtu ndani ya sikio kwa kitochi, uso wako uko shubiri moja tu kutoka kwenye shavu lake. Halafu lipo jambo ambalo wengi hawalijui: ngozi ya ndani ya tundu la sikio inapata tawi la mshipa wa fahamu uleule unaokwenda kooni na kifuani. Ndiyo maana baadhi ya watu wakichokonolewa sikio hukohoa papo hapo. Unatoa nta, yeye anakukoholea usoni. Kwa hiyo mgonjwa abaki na barakoa hata kama kinachotazamwa ni sikio, na mhudumu akae ubavuni, asimkabili. Wakati wa kuosha sikio kwa maji au kuvuta uchafu kwa mashine, avae na miwani ya kinga.

Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walichunguza maiti 3 za watu waliokuwa na UVIKO-19, wakakuta virusi ndani ya sikio, nyuma ya ngoma, kwa 2 kati yao. Ni watu watatu tu, tusilikuze. Ila sehemu hiyo ya sikio ina njia yake inayofungukia nyuma ya pua, kwa hiyo si ajabu.

Kwa nini mnatusubirisha nje wakati kile chumba cha kupimia kiko wazi?

Kinatolewa hewa ya aliyetangulia. Chumba cha kupimia usikivu ni kiboksi chenye kuta nene na mlango unaobana, kisichopitisha kelele. Kisichopitisha kelele hakipitishi hewa pia. Mtu akikaa humo robo saa au zaidi, pumzi yake yote inabaki humo, na anayefuata ndiye anayeivuta. Ni lazima mlango uachwe wazi na feni isukume hewa nje, siyo ndani ya ukumbi wa foleni. Muda wa kusubiri unategemea chumba chenyewe na hewa inavyobadilishwa. Anayekutajia dakika za vyumba vyote anakisia. Mhudumu akae nje ya kiboksi na kumtazama mgonjwa kupitia kioo.

Kituo kisicho na kiboksi kinaweza kuwapima wagonjwa usikivu kwa mchujo wa kwanza kwenye chumba tulivu chenye madirisha wazi, asubuhi kabla bodaboda hazijachangamka. Mvua ikianza kupiga bati, acheni. Kelele za nje humeza kwanza sauti nene, na karatasi ya majibu itaonyesha ubovu ambao mgonjwa hana.

Mama yangu hasikii vizuri. Wakivaa barakoa ndiyo haelewi kabisa. Wafanyeje?

Hapa ndipo wahudumu wengi hushindwa. Niliwahi kuona bibi mmoja mbele ya daktari aliyevaa barakoa mbili na kioo cha uso. "Sikio linauma tangu lini, bibi?" Bibi akajibu kwa adabu zote, "Tandahimba, mwanangu." Daktari akaandika kitu. Akauliza tena, bibi akaitikia kwa kichwa. Kila swali alilitikia kwa kichwa.

Barakoa ya kawaida ya hospitali hupunguza sauti nyembamba kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 hadi 4 hivi. Ile nene ya N95 huweza kufika desibeli 12. Hizo sauti nyembamba ndizo zinazobeba s, t, f na sh. Jaribu kusema "saa sita" na "saa tisa" ukiwa umefunika mdomo, kwa mtu ambaye masikio yake yameharibiwa na miaka ya kupuliza salfa kwenye mikorosho kwa mashine ya mgongoni bila kinga ya masikio. Midomo ndiyo iliyokuwa inamsaidia, na umeificha. Akimeza dawa saa isiyo yake, kosa si lake.

Barakoa zenye dirisha la plastiki zipo, ingawa hufanya ukungu. Zisipopatikana, mazungumzo marefu yafanyike nje, chini ya mwembe, mita mbili au zaidi, na mhudumu ateremshe yake kwa muda huo. Saa na siku ziandikwe kwa herufi kubwa. Asiyejua kusoma aonyeshwe vidole, kisha arudie mwenyewe alichoelewa; usimuulize "umeelewa?", kwa sababu atasema ndiyo. Kiziwi anayetumia lugha ya alama ana haki ya kuingia na mkalimani wake, hata kama tangazo la mlangoni linasema mgonjwa mmoja mmoja.

Kupiga kelele hakusaidii. Kunapotosha maneno na kunarusha mate zaidi.

Vifaa vinasafishwaje?

Uchafu kwanza, dawa baadaye. Kifaa chenye nta au usaha ukikitumbukiza kwenye klorini moja kwa moja, dawa inaishia kwenye uchafu. Vile vidude vya kuingiza sikioni vioshwe kwa maji na sabuni, ndipo viloweke dakika 10 kwenye klorini ya 0.5%, kisha visuuzwe. Klorini ya dukani yenye 3.5% huchanganywa kipimo kimoja kwa sita vya maji. Ponji za kuziba sikio ni za mtu mmoja, zikitoka zinatupwa. Spika za kichwani zipanguswe kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo, zikauke kabla hazijavikwa mwingine, usizipulizie dawa.

Je, kupima kizunguzungu?

Vipimo vingi vinaweza kungoja, hasa kile cha kumwagia sikio maji ya baridi na ya moto, ambacho huweza kumtapisha mtu. Kipo kimoja kisichohitaji mashine: mgonjwa analazwa haraka, kichwa kikigeuzwa upande na kuning'inia kidogo, mhudumu akitazama macho. Kama ni vile vichembe vya chokaa vilivyohama ndani ya sikio, macho yatacheza, na kwa kumgeuza hatua kwa hatua mara nyingi anapona palepale. Wote wawili wavae barakoa na madirisha yawe wazi.

Kamba za barakoa zinavuta shimesikio langu, kile kifaa cha kunisaidia kusikia, linadondoka.

Tumia barakoa ya kufungia kisogoni, au zibane kamba kwa pini kwenye ushungi. Ivue kwa mikono miwili, taratibu; shimesikio hupotea sana wakati mtu anaivua barakoa kwenye daladala. Vitakasa mikono visiguse kifaa. Joto na unyevu wa pwani yetu tayari vinakitesa, kwa hiyo usiku kiweke kwenye kopo lenye kifunga na vile vipakiti vya kukaushia.

Kuna mlipuko, na wanasema tusijazane hospitali. Nani asingoje?

Anayekuja kubadilishiwa betri ya shimesikio au kupima maendeleo apigiwe simu siku moja kabla, aambiwe angoje. Ni aibu kumrudisha mtu aliyelipa nauli ya basi toka Newala.

Asiyengoja ni mtoto aliyeingiza betri ya kitufe sikioni. Betri hiyo huunguza ndani ya saa chache, na usimtie dawa ya matone. Ni anayetoka usaha huku uso umepinda au nyuma ya sikio kumevimba. Ni mtoto aliyetoka kuugua homa ya uti wa mgongo, kwa sababu sikio la ndani linaweza kugeuka mfupa. Kizunguzungu pamoja na ulimi mzito, kuona viwili viwili au kushindwa kusimama huenda ni kiharusi.

Na yupo aliyeamka sikio moja halisikii. Wengi hudhani ni nta, wanatia mafuta wiki mbili, na hizo ndizo wiki ambazo dawa za steroidi, za kutuliza uvimbe, zingeweza kusaidia. Getini kuna mtu anayechagua nani aingie kwa kusikiliza maneno yako tu. Usimwambie "masikio yananisumbua". Mwambie, "Jana nilikuwa nasikia, leo sikio la kushoto limekufa."